Mhusika wa gemu la stori anza kumpa deni, namba baadae

Kwa ambao hawajacheza, haya magemu ya kuigiza mezani mnakaa watu wanne watano hivi, mmoja anasimamia stori, waliobaki kila mtu na mhusika wake, unasema mhusika wako anafanya nini na pale ambapo haijulikani itakuwaje mnarusha dadu. Dungeons & Dragons ilitoka 1974 huko Marekani na ndo imewazoesha watu kuanza na namba: nguvu ngapi, afya ngapi, silaha gani. Kwa gemu la kupigana sawa kabisa. Ila kwa haya ya stori ukianza na namba unapata jitu lina misuli tu, limekaa linasubiri mtu wa kupigana nae.

Mi nasema anza na deni, na si lazima liwe la hela.

Tuseme stori yenu iko hapa hapa Tanga, Makorora. Mtu anataka kucheza Bi Saumu, mama wa makamo anauza maandazi asubuhi. Hapo bado hujapata mhusika, umepata kazi. Sa mpe deni: yeye ndo kijumbe wa mchezo wa kupeana hela kwa zamu, wenzie wanamletea elfu kumi kumi kila wiki, na hela ya zamu inayokuja keshaitoa, kampa mdogo wake Kassim anunue mashine ya boti. Na zamu yenyewe ni ya shoga yake wa nyumba ya pili ambae anaozesha binti. Yani hata dadu hamjaigusa na tayari kila hodi inampandisha presha.

Af upande wa pili wa deni apewe mchezaji mwingine, hapa ndo watu wengi wanapoharibu wanauacha kwa msimamizi. Aliyekaa kushoto awe Kassim. Mashine kweli kanunua, ya mtumba, imemfia, ipo pale Deep Sea, ufukweni kwa wavuvi, imefunikwa turubai na kila dada akiuliza jibu ni "dada usiwe na wasi, bado naifanyia sevisi kidogo." Wa kulia awe huyo shoga mwenye harusi. Gemu la Fiasco limejengwa hivi hivi, mnaanza kuweka uhusiano wako na wa kulia na wa kushoto, mhusika mwenyewe anatokea humo humo.

Kwa hiyo tengenezeni pamoja, mezani, usije na historia ya kurasa nne umeandika nyumbani peke yako. Na tafadhali yule shujaa yatima asiye na ndugu, hamwamini mtu, haongei, muacheni apumzike. Kwa Tanga hii mtu wa hivyo utamtoa wapi, ukihamia Ngamiani leo mpaka jioni barabara nzima washajua umepanga kwa nani na umekuja na godoro la inchi ngapi.

Siri za mhusika ziseme mezani. Wahusika wengine hawajui ila wachezaji wanajua, ni vitu viwili tofauti. Anaecheza shoga akijua hela haipo atakuja makusudi kabisa kuuliza "Saumu, nikamlipe mtu wa maturubai leo au kesho?" na hapo meza nzima inashika kichwa. Ukiificha, mara nyingi gemu linaisha haijatoka na hakuna aliyefaidi.

Kasoro chagua moja, iwe inamfanya atende. "Mvivu" haisaidii, mvivu analala tu stori imekwama. Bi Saumu hawezi kutamka neno "sina", basi, inatosha. Utaona faida yake kwenye dadu: magemu mengi ya ukoo wa Apocalypse World, la 2010, unarusha dadu mbili unajumlisha na namba yako, ukipata 10 kwenda juu umefanikiwa, 7 mpaka 9 unapata lakini kwa gharama, 6 kushuka mambo yanakuharibikia. Hiyo 7 mpaka 9 ndo tamu. Saumu anaenda kukopa dukani, inatoka 8, mwenye duka anatoa hela yote ila anataka karatasi za kiwanja cha marehemu mumewe zikae kwake. Mhusika asiye na deni wala kasoro, msimamizi atamtoza nini?

Kabla hamjafika mbali ulizaneni vitu gani hamvitaki kwenye stori, kuna mtu mambo ya uchawi hayataki hata kwa utani, mwingine mtoto kuumia. Dakika tano tu.

Namba sasa, mwisho. Angalia deni linamsukuma wapi: Saumu ataishi kwa kubembeleza na kudanganya kwa upole, hapo ndo mwekee pointi, kwenye kupigana mpe ile ya chini kabisa. Andika kwa penseli na sehemu ya ndugu na marafiki usiijaze yote, mkianza kucheza mtahitaji binamu wa ghafla alieko bandarini.