Kuvunja mkataba wa umeme, gesi au intaneti kabla ya muda: namna ya kupiga hesabu ya gharama

Anayetaka kumwacha msambazaji wake kabla mkataba haujaisha huuliza kwanza ada ya kuvunja mkataba ni kiasi gani. Swali hilo ni halali, ila jibu lake halitoshi, kwa kuwa ada hiyo ni sehemu tu ya gharama, na uzito wake hutegemea tarehe utakayoondoka.

Fungua mkataba na usome kifungu cha muda kabla ya kile cha bei. Mkataba usio na kikomo kwa kawaida huvunjwa kwa notisi peke yake, na utakacholipa ni huduma ya siku za notisi. Wenye ada hasa ni ule wa muda maalumu. Kwa umeme na gesi, mara nyingi ada ni kiasi kimoja kisichobadilika, na aliyechukua huduma zote mbili kwa msambazaji mmoja huweza kutozwa mara mbili. Kwa intaneti, hutozwa sehemu kubwa ya malipo ya miezi iliyobaki, na pengine huongezwa deni la kifaa au punguzo ulilopewa siku ya kujiunga.

Sasa piga hesabu. Tuseme unalipa 50 kwa mwezi, imebaki miezi 7, na msambazaji mpya anatoza 38. Unaokoa 12 kila mwezi, yaani 84 kwa miezi hiyo 7. Ukiondoa ada ya 60, unabaki na 24. Ikiwa imebaki miezi 4 tu, utaokoa 48, na kuhama kutakutia hasara ya 12. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: huhesabu nafuu ya mwaka mzima wa mkataba mpya, ilhali baada ya ule wa zamani kwisha wangeweza kuhama bila kutozwa chochote. Miezi iliyobaki ndiyo pekee ya kuhesabiwa, isipokuwa una sababu ya kuamini kwamba bei mpya haitakuwapo tena wakati huo. Usisahau pia kuwa notisi na huduma mpya zikipishana vibaya, utalipa mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukubali kulipa, hakikisha kwamba ada inadaiwa kihalali. Katika Umoja wa Ulaya, mkataba uliofungwa kwa simu au mtandaoni kwa kawaida unaweza kutenguliwa ndani ya siku 14, na agizo la mwaka 2019 kuhusu soko la umeme linataka ada isizidi hasara ya moja kwa moja ya msambazaji. Nchini Uingereza, mteja wa nyumbani anayehamia kwa msambazaji mwingine wa umeme au gesi katika siku 49 za mwisho za mkataba wa muda maalumu hatozwi ada ya kuondoka. Katika nchi nyingi, msambazaji akibadilisha masharti kwa upande wake, mteja hupata nafasi ya kutoka bure, mradi asiache tarehe iliyotajwa kwenye taarifa ipite. Anayehama nyumba naye aulize kama mkataba unaweza kumfuata, kwani mara nyingi inawezekana.

Ukiamua kuondoka, omba kwa maandishi jumla ya kiasi utakachodaiwa na tarehe ya mwisho ya huduma, kisha peleka notisi kwa njia inayoacha ushahidi. Siku ya mwisho, piga picha ya mita tarakimu zikionekana wazi, maana bili inayotokana na makadirio ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Ruta au kifaa kingine cha kampuni kirudishe na udai risiti. Agizo la malipo benki usilifute mpaka bili ya mwisho ifike na uilinganishe na picha yako. Na kama uliweka amana, au akaunti ina salio lako, dai lirudishwe katika barua hiyohiyo ya notisi.