Jinsi ya kuomba cheti cha tabia njema kwenye eCitizen bila kuprinti mara tatu kama mimi

Kujaza maombi yenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ni kazi ya dakika 20. Mimi yalinichukua siku tatu, na wa kulaumiwa ni wawili: mimi mwenyewe na jamaa wa saiba, lile duka la intaneti na kuprinti.

Anza na akaunti. Kama unaingia eCitizen mwenyewe bila kumpigia mtu simu akukumbushe nywila, ruka aya hii. Lakini kama uliwahi "kufunguliwa" akaunti saiba, kaa chini kwanza. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho, kwa hiyo huwezi kuitupa ile ya zamani ukaanza nyingine kama laini ya simu. Yangu ilifunguliwa na kijana mmoja miaka iliyopita, akaweka barua pepe yake ili mambo yaende haraka. Juzi nilipotaka kubadilisha nywila, ujumbe ukaenda kwake. Nikafunga safari hadi pale saiba, nikakuta panauzwa kuku. Kumsaka yule kijana kupitia kwa muuza kuku, kisha kwa binamu yake, kulikula nusu siku. Ukifanikiwa kuingia, jambo la kwanza ni kuweka barua pepe yako na namba yako ya simu. Hayo mengine yatakungoja.

Ukishaingia utaona visanduku vya taasisi vimepangwa kwenye skrini. Wengi hutafuta kisanduku cha polisi, wakikumbuka kwamba zamani safari ilianzia kituoni. Wewe tafuta cha DCI, yaani idara ya upelelezi. Ndani yake huduma haijaandikwa "Good Conduct" kama tunavyoiita sote. Imeandikwa "Police Clearance Certificate". Mimi niliupita mstari huo mara mbili nikidhani ni kitu cha wageni. Kwa kuwa utarudi hapo mara kadhaa kuangalia maombi yako yamefika wapi, jitengenezee njia ya mkato: kwenye simu ya Android, ukiwa umefungua ukurasa huo kwa Chrome, gusa vidoti vitatu vya pembeni, uchague kuuweka kwenye skrini ya mwanzo. Sasa una kisanduku chako mwenyewe kando ya WhatsApp, na huna haja ya kupekua vyote vile upya kila asubuhi.

Fomu jaza. Haina ujanja. Angalia tu mahali unapochagua kwenda kupigwa alama za vidole: chagua Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) unayoweza kufika kwa matatu moja, usichague tu jina la kwanza kwenye orodha.

Malipo ni shilingi 1,050, yaani 1,000 za cheti na 50 za huduma. Unalipa kwa M-Pesa kupitia Paybill 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako. Mtu akikuambia utume kwa namba yake ya simu ili "akusukumie", mkatalie kwa heshima na uondoke.

Sasa tufike kwenye fomu ya C24, ile inayopigwa alama za vidole, ambayo ndiyo iliyoniponza. Ukishalipa, unaipakua na kuiprinti. Ina kurasa mbili, na kurasa hizo lazima ziwe kwenye karatasi MOJA ya A4, mbele na nyuma. Jamaa wa saiba alinitolea karatasi mbili safi, akazibana kwa pini, akanipa kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa. Nikapanga foleni Huduma Centre saa mbili unusu. Saa tano nikafika mbele. Afisa akaitazama ile pini tu, hata jina langu hakulisoma. "Mama, hizi zikiachana, vidole vitakuwa vya nani?" Sikuwa na jibu. Nikashuka ngazi.

Nikaprinti mara ya pili. Mashine ya saiba ile haigeuzi karatasi yenyewe, kwa hiyo jamaa akaigeuza kwa mkono, na upande wa nyuma ukatoka kichwa chini. Mara ya tatu nilisimama nyuma ya kiti chake. Wewe simama nyuma ya kiti mara ya kwanza. Mwambie "C24, mbele na nyuma, karatasi moja", kisha iinue uigeuze mwenyewe kabla ya kulipa. Printi pia risiti ya malipo, nakala mbili, na utoe nakala ya kitambulisho. Kitambulisho chenyewe kiwe mfukoni. Picha yake kwenye simu haitakusaidia.

Pale Huduma Centre, baada ya foleni (beba maji, na usiache nafasi yako kwa sababu mtu amekuambia "narudi sasa hivi"), utapakwa wino mweusi. Afisa hushika kidole kimoja kimoja na kukiviringisha kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine. Kosa letu ni kutaka kumsaidia. Nilikaza kidole, alama ikatoka kama doa la mafuta. "Legeza mkono. Dereva ni mimi," akaniambia. Kama kazi yako ni ya jembe au sabuni na vidole vimelika, vipake mafuta usiku uliotangulia, lakini asubuhi vioshe vikauke kabisa. Beba kitambaa kizee cha kujifutia. Mimi nilitumia leso yangu nyeupe, na sasa ni ya kudekia.

Baada ya hapo ni kungoja. Changu kilichukua siku 11. Jirani yangu alipata chake mapema zaidi, na hajaacha kunikumbusha. Kikiwa tayari unakipakua kutoka kwenye akaunti yako kama faili ya PDF. Hakuna anayekupigia simu, kwa hiyo fungua kile kisanduku chako kila baada ya siku mbili tatu.

Ukienda kukiprinti saiba, jitumie faili kwa barua pepe, ukifungue, ukiprinti, kisha ukifute kwenye ile kompyuta na utoke kwenye akaunti. Niliposema nitafute changu kwenye kompyuta ya yule jamaa, nilikuta vyeti vya watu sita vimekaa pale mbele ya kila mtu, na cha saba kilikuwa changu.