Somo: Aluminiamu inavyogeuzwa kuwa nururifu (yenye kutoa mionzi)

Fomu Foo wa Kisumu na majirani, leo tunahitaji kalamu, vizibo vya soda na sufuria. Sufuria ni ya aluminiamu, na metali hiyo ndiyo somo lenyewe.

Kwanza andika kinachopigwa na kinachopiga. Januari 1934, mjini Paris, Irène Curie na Frédéric Joliot waliipiga aluminiamu kwa chembe za alfa zinazotoka kwenye poloni, metali nururifu. Aluminiamu ni 27 juu (protoni na nutroni za kiini kwa pamoja), 13 chini (protoni peke yake). Alfa ni 4 na 2. Jumla, 31 na 15.

Sasa toa kinachochomoka: nutroni moja. Inabaki 30 na 15. Protoni 15 ni fosforasi, lakini hapa ndipo alama hupotea, maana wengi huandika 31, ile ya kawaida. Hii ya 30 haitulii. Inatema positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, na kuwa silikoni.

Utamu uko hapa. Ondoa poloni, na kaunta ya Geiger, kifaa cha kuhesabu mionzi, bado inalia, tik tik, ikipungua nusu kila dakika mbili na nusu. Darasani natia vizibo 64 kwenye sufuria, kila kimoja badala ya kiini kimoja, natikisa, namwaga, naondoa vilivyolala kifudifudi. Kila mmwago ni dakika mbili na nusu. Baada ya minne vinabaki kama 4. Juzi vilibaki 7, msivilazimishe.

Chembe zikiongezwa kasi kwa mashine, hesabu ni ileile. Ernest Lawrence wa Berkeley alikuwa na mashine hiyo, saiklotroni, tayari, ila mashine na kaunta zilitumia swichi moja! Akizima hii, ile nayo inanyamaza. Habari za Paris zilipofika ndipo walipozitenganisha. Baadaye aliipiga sodiamu-23 kwa deutroni, kiini cha hidrojeni nzito (2 na 1), akapata sodiamu-24. Nini kilichomoka?

MASWALI

Kakamega: Mwalimu, ni protoni?
— Ndiyo. Alama zote.

Kondele: Sufuria yangu ya Kibuye ikikaa jikoni kutwa, haitageuka hivyo?
— Hapana, mama. Moto wa makaa huchezea elektroni za nje tu. Kiini hakina habari.

Ahero: Florini-18 ya kupigia picha za saratani hutengenezwa Nairobi. Mbona isiletwe kwa basi?
— Nusu-maisha yake, muda wa kupungua nusu, ni dakika 110. Basi la saa saba linakula karibu nusu-maisha nne: ukipakia 16, unapokea 1 na ushee. Piga hesabu ya ndege ya dakika 50 ulete jibu hapa.