Kabla simu haijaingia maji: mambo ya kuzingatia

Simu au kompyuta ikilowa, mara nyingi kinachoiua ni umeme unaopita kwenye yale maji. Maji ya bomba yana madini na chumvi. Maji ya bahari, soda na chai ya sukari ni balaa zaidi. Umeme wa betri ukikutana na maji ya namna hiyo juu ya bodi, yaani ule ubao wa ndani wenye vipuri, shaba huanza kulika, na baada ya muda utaona utando wa kijani au unga mweupe kwenye miguu ya vipuri. Hali hiyo huendelea hata simu ikiwa imezimwa, kwa sababu betri ikiwa bado imeunganishwa, kuna njia za bodi ambazo hazikosi umeme. Kwa hiyo maandalizi ni kuhakikisha umeme unakatika mapema, na vitu vyako vilivyomo ndani, kama picha, viko salama hata kifaa kisipowaka tena.

Anza na hivyo vitu vyako. Bodi ina spea, skrini ina spea, lakini picha zilizokuwa kwenye simu moja tu hazina. Weka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski ya nje, kisha jaribu kurejesha picha moja uone kama inarudi kweli. Watu wengi wanaamini wana nakala mpaka siku wanapoihitaji. Kama akaunti zako zinathibitishwa kwa simu hiyohiyo, andika namba za akiba, zile za kuingilia bila simu, kwenye karatasi na uitunze mbali na simu.

Halafu jifunze kuzima kila kifaa chako kwa nguvu. Kwenye simu nyingi za siku hizi, kushikilia kitufe cha kuwashia peke yake kunaita msaidizi wa sauti, na kuzima kunahitaji ubonyeze pamoja na kitufe cha sauti. Jaribu leo, mkono ukiwa mkavu na akili imetulia. Kompyuta mpakato ikimwagikiwa, chomoa chaja, shikilia kitufe mpaka izimike, kisha ifunue na uilaze kibodi ikitazama chini ili maji yasizidi kushuka kwenye bodi. Lakini kifaa chochote kilichochomekwa ukutani, hata hiyo kompyuta, usikiguse kikiwa kimelowa. Zima kwanza swichi kuu.

Usitegemee sana maandishi ya IP67 kwenye boksi. Maana yake ni kwamba kifaa cha aina hiyo kilipimwa kwenye maji safi yasiyo na chumvi, kina cha mita 1 kwa dakika 30. Sabuni, mvuke na bahari havimo. Mpira na gundi zinazozuia maji huchakaa, na simu iliyowahi kufunguliwa kubadilishwa kioo ihesabu kama haina kinga, isipokuwa una hakika fundi aliweka gundi mpya.

Vya kuwa navyo ni vichache: pini ya kutolea laini, bisibisi ndogo zinazoingia kwenye vifaa vyako, kitambaa kisichotoa nyuzi, brashi laini, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, itumike mbali na moto na baada tu ya betri kuondolewa. Mchele uache jikoni. Haufiki chini ya vipuri maji yalikojificha, na vumbi lake huingia kwenye tundu la chaja. Mashine ya kukaushia nywele nayo inalegeza gundi na kusukuma maji ndani zaidi. Feni ya kawaida inatosha. Usichaji kifaa kilicholowa hata dakika moja ili kuona kama bado kizima. Betri ikivimba, ikipata moto au ikitoa harufu kali, usiitoboe wala kuibana. Ipeleke nje, mbali na vinavyowaka.

Fundi naye mtafute mapema. Muulize anafanyaje simu ikiletwa imelowa. Anayefaa atakuambia anaifungua, anatenganisha betri, anatoa vifuniko vya chuma vya bodi, anaosha kwa spiriti na kukagua kwa hadubini. Anayepuliza hewa ya moto tu anaweza kukurudishia simu inayowaka, huku kutu ikiendelea chini ya vifuniko, ije kufa baadaye. Siku ikifika, mwambie ukweli: maji gani, lini, na kama uliichaji. Ya bahari yanahitaji chumvi iondolewe kwanza, na kumficha ni kujiumiza, maana ndani ya simu nyingi kuna alama nyeupe inayogeuka nyekundu ikiguswa na maji.

Mapema pia amua unachotaka kwake: simu irudi kazini, au vitu vyako tu vitoke. Ukitaka vitu tu, fundi anaweza kuiwasha kwa muda mfupi akavihamisha, bila kukutoza kioo wala betri mpya.