Kuthibitisha Hojaji ya Familia kwa Wanandoa wa Tanga

Hojaji ya McMaster ya kupima mwenendo wa familia, iliyochapishwa mwaka 1983, ina sehemu fupi ya sentensi 12 inayotosha kwa tafiti nyingi. Kabla ya kuitumia Tanga, ni lazima ithibitishwe, yaani ihakikishwe kuwa inapima kwa Kiswahili kile ilichokusudiwa. Ukishapata kibali cha maadili na kuripoti kwa viongozi wa mtaa, wape watu wawili waifasiri kwa Kiswahili kila mmoja peke yake, linganisha kazi zao, kisha mtu wa tatu ambaye hajaiona hojaji ya asili arudishe tafsiri hiyo katika Kiingereza.

Hatua inayostahili muda mwingi zaidi hufuata hapo, kabla ya takwimu yoyote. Keti na wanandoa wachache wa Ngamiani, Chumbageni na Pongwe, umsomee kila mmoja sentensi, aieleze kwa maneno yake na ataje alikuwa akimfikiria nani alipojibu. Katika nyumba ambamo mama mkwe, mawifi na watoto wa ndugu wanakula chungu kimoja, au ambamo mume ana wake wawili katika mitaa tofauti, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyoruhusu, watu wawili wanaweza kutoa jibu moja kuhusu familia mbili zisizofanana. Maelezo ya mwanzo, kwa hiyo, yaseme wazi ni akina nani wanaohesabiwa.

Angalia pia sentensi 6 zinazotaja kasoro. Anayeelewana vizuri na wenzake akisomewa "hatuelewani" hulazimika kujibu "sikubali", na wengi hukwama hapo. Jaribu "tunagombana mara kwa mara", usikilize kama maana imebaki ileile. Alama za sentensi hizi zigeuzwe (ya juu iwe ya chini, na ya chini iwe ya juu) kabla ya kujumlisha, maana zikisahauliwa hesabu yote huharibika.

Mume na mke wahojiwe wakati mmoja, mbalimbali, na wasaili wa jinsia zao. Mambo ya ndani ni ya kusitiriwa, na sioni sababu ya kumtarajia mke aseme kweli huku mumewe amekaa barazani anamsikia.

Watu wapatao 300 wanafaa kwa uchambuzi wa fakta wa awali, yaani hesabu inayoonesha sentensi zipi hujibiwa kwa kufuatana na kuunda kundi moja (fakta), na kundi jingine lithibitishe muundo uliopatikana. Majibu ya wanandoa wa nyumba moja hufanana, hivyo chagua mmoja kwa kila nyumba au tumia mbinu inayozingatia ufanano huo. Sentensi za kasoro zikijikusanya katika fakta yake, shuku kwanza namna zilivyoandikwa. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya sentensi yanavyokwenda pamoja, ikiwa 0.70 au zaidi hukubalika kwa kawaida, lakini haioneshi kama hojaji inapima kile ulichokikusudia. Linganisha alama zake na za kipimo cha kuridhika katika ndoa, na urudie hojaji kwa baadhi ya watu baada ya wiki 2. Mwisho, pima kama muundo ni uleule kwa wanaume na kwa wanawake, na usipokuwa hivyo, usilinganishe wastani wa waume na wa wake.