Kukokotoa nafuu ya kodi ya makaa ya mawe

Mimi ni mhasibu. Wanasiasa wakianza na ajira, mimi naanza na tani moja. Twende Marekani.

Chukua tani ya dola 100 kutoka mgodi wa chini ya ardhi. Sheria inaruhusu kukata 10% ya mauzo kabla ya kodi, mradi isizidi nusu ya faida ya mgodi. Sasa fungua daftari la mtaji, maana utamu uko hapa: hata gharama za mgodi zikisharudi zote, punguzo linaendelea. Kampuni ikifika hapo, punguzo lake la dola 10 hukatwa moja ya tano tu, zinabaki dola 8. Zidisha kwa kodi ya 21%: imeokoa dola 1.68.

Pembeni andika ushuru wa mfuko wa wachimbaji walioharibika mapafu: dola 1.10. Linganisha mwenyewe.

Makaa ya kuyeyushia chuma? Ongeza nafuu ya 2.5% ya gharama za uzalishaji, iliyopitishwa 2025, mwisho 2029. Kifungu ilimopachikwa kilitungwa awali kwa ajili ya vitu kama sola na betri, ajabu kweli!

Mstari wa mwisho: moshi. Tani hiyo ikichomwa hutoa zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi. Bei yake, daftarini, ni sifuri.