Kufufua kichwa cha treni cha Tri-ang chenye mota ya X04

Kichwa cha treni cha kuchezea kilichokaa sandukuni miaka 40 mara nyingi hakijafa. Mafuta yake yameganda, magurudumu yameshika uchafu, na umeme haufiki kwenye mota. Vichwa vya Tri-ang vya kipimo cha OO, vile vya Uingereza vinavyopita kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5, vina bahati zaidi ya vingine: mota yao ya X04 iko wazi, haikufunikwa na kopo. Kila kinachoharibika unakiona kwa macho na unakifikia kwa bisibisi.

Andaa multimita, betri ya volti 9 yenye nyaya mbili, alkoholi ya isopropili, mafuta ya cherehani, kibano, vijiti vya meno na pamba. Usikiweke kwanza kwenye reli na kufungulia umeme mpaka mwisho, kwani mota iliyoganda ikipewa volti 12 hupata moto na kuunguza waya wa amecha (sehemu ya mota inayozunguka), na hapo kazi ya dakika 30 inageuka kutafuta mota nyingine. Kama transfoma nayo ni ya zamani, ikague kabla ya yote: ikiwa mpira wa waya wake umepasuka, usiichomeke ukutani.

Fungua bodi (ganda la nje la kichwa), kisha zungusha amecha kwa kidole. Usijaribu kuzungusha kwa kusukuma magurudumu, kwa sababu gia ya parafujo (shafti yenye meno ya skrubu inayozungusha gia ya ekseli) haipokei nguvu kutoka upande huo na utavunja meno. Amecha ikiwa ngumu, tia tone moja la alkoholi kwenye kila moja ya bushi mbili (pete zinazoshika ncha za shafti), zungusha, futa kwa pamba, rudia mpaka ilegee. Angalia alkoholi isimwagikie bodi, itaondoa rangi na maandishi. Ikikauka, weka mafuta tone moja kila upande. Ukikuta vipande vya sufi kando ya bushi, vinyweshe tone moja au mawili. Vipande hivyo ndivyo ghala la mafuta la mota hii.

Sasa gusisha nyaya za betri kwenye mikono miwili inayoshika kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha). Ikizunguka, mota ni nzima na shida iko njiani: magurudumu, vibati vya kuchukulia umeme, au waya. Vichwa vingi vya Tri-ang vya mvuke hupokea umeme wa upande mmoja kupitia magurudumu yaliyogusana na chasisi, na wa upande wa pili kupitia kibati chembamba kinachosugua magurudumu yaliyotengwa. Safisha ukingo wa kila gurudumu mpaka pamba itoke nyeupe, kisha kunja kibati kidogo tu kiguse bila kubana. Pima kwa multimita: upande mmoja lazima upitishe umeme hadi kwenye chasisi, mwingine usipitishe kabisa. Ikiwa pande zote mbili zinapitisha, kuna shoti, na mara nyingi ni waya uliochubuka. Ukikuta kapasita ndogo iliyounganishwa kwenye mota, iliwekwa kuzuia kelele kwenye redio na televisheni. Ikate mguu mmoja wakati wa kupima, maana nayo huweza kupiga shoti.

Mota isipozunguka, ondoa springi inayobana kaboni. Ni springi moja yenye miguu miwili, na mguu mmoja umevalishwa kimrija cha kuzuia umeme. Piga picha kabla ya kuigusa. Kimrija kikikatika au springi ikirudishwa kinyume, kaboni iliyotengwa inaungana na fremu, na mota iliyokuwa nzima inapiga shoti mara moja. Makosa mengi ya warekebishaji wapya yako hapa. Kaboni zikiwa zimeisha kiasi cha mkono wa chuma kukaribia komyuteta (silinda ya shaba kwenye amecha inayosuguliwa na kaboni), badilisha zote mbili pamoja na springi, kwani springi iliyopata joto hupoteza mkazo na kaboni mpya zitaruka na kutoa cheche.

Komyuteta ina vipande vitatu vya shaba vilivyotenganishwa na mifereji. Ifute kwa alkoholi mpaka shaba ing'ae. Kisha chokoa mifereji kwa ncha ya kijiti cha meno, kwa sababu vumbi la kaboni likijaa humo hupitisha umeme kutoka kipande hadi kipande. Msasa wa kawaida usiuguse. Unaacha mikwaruzo inayokula kaboni. Usitie mafuta hapo hata tone.

Pima vipande viwili viwili, kaboni zikiwa zimetolewa. Utapata vipimo vitatu, na vyote vitatu viwe karibu sawa. Kimoja kikiwa mara mbili ya vile vingine viwili, waya wa koili moja umekatika; angalia kwanza pale unapolehemiwa kwenye komyuteta, maana mara nyingi ndipo unapoachia na unarudishwa kwa lehemu kidogo. Pima pia kutoka kila kipande hadi shafti: kusiwe na njia ya umeme kabisa. Ikiwepo, amecha imeungua na inatakiwa nyingine.

Kuna hitilafu moja inayodanganya. Mota inazunguka kwa kasi ikiwa haivuti kitu, lakini ikipewa mabehewa matatu inalegea na kupata moto. Hiyo ni sumaku iliyochoka. Sumaku ya X04 ni ya aloi ya Alnico, ambayo hupoteza nguvu ukiiacha bila chuma cha kufunga njia ya usumaku. Kwa hiyo usichomoe amecha kabla ya kuweka kipande cha chuma laini kuunganisha vyuma viwili vya pembeni mwa sumaku, na kisikae mbali hata sekunde moja wakati amecha iko nje. Iliyokwisha dhoofika inaweza kusumakishwa upya kwa kifaa maalumu, au kubadilishwa kwa sumaku za neodimiamu za vipimo vilevile. Mimi ningechagua kusumakisha upya pale kifaa kinapopatikana, mota ibaki ya asili. Kipimo cha haraka: mota isipovuta chochote ikinywa zaidi ya nusu ampea, ama sumaku imechoka ama kitu kinakwama.

Kutenganisha hayo mawili ni rahisi. Toa mota, sukuma chasisi juu ya kioo. Ikikwama mahali palepale kila mzunguko, tafuta fimbo iliyopinda au gurudumu lililoteleza kwenye ekseli. Ukirudisha mota, zile washa nyembamba ulizozikuta chini yake zirudi pia; ndizo zinazopima nafasi kati ya parafujo na gia. Paka grisi nyeupe isiyoharibu plastiki, kiasi cha punje ya mchele.

Kikianza kutembea, kiendeshe nusu saa kwa kasi ya wastani, dakika 15 mbele na 15 nyuma, kaboni zikae sawasawa na komyuteta. Kikirukaruka kwenye njia panda za reli za kisasa, sababu ni kingo nene za magurudumu ya zamani. Kwenye reli ndefu zaidi kwa kimo, za kodi 100 (kimo cha inchi 0.1), mara nyingi hupita vizuri zaidi.